Mdogo wangu hapigwi, lakini amekwisha. Nimsaidieje?

FundiMajengo:

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu. Nisameheni, nitaandika kwa urefu. Jambo hili limenikaa kifuani tangu mwaka jana, na hapa nyumbani kila ninayemwambia ananiona kama nina chuki na ndoa ya mtu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo, mwaka wa 14 sasa. Mdogo wangu nilimfundisha kazi mwenyewe. Tulianza na kupinda mashuka, mwisho akanizidi. Kola za mashati ya shule alikuwa anazilaza mpaka wateja wanamsubiri yeye, hata kama mimi nimekaa bure. Mwaka 2016 akaolewa. Ana watoto wawili, wa kiume miaka sita, wa kike mitatu. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha hapa ili asitambulike.

Shemeji ni mtu anayeheshimika. Ana mshahara, kanisani ana nafasi, kwenye misiba ndiye anakabidhiwa daftari la michango. Hajawahi kumnyanyulia mkono mdogo wangu, hata kofi. Hilo naliandika mapema maana ndilo jibu ninalopewa kila mahali: "Si hapigwi?"

Ilianza na cherehani. Alimwambia mke wake hawezi kukaa barazani anapima viuno vya wanaume. Mdogo wangu akakubali kupumzika kidogo ili amani iwepo. Siku moja karudi kliniki na mtoto mgongoni, cherehani haipo, imeshauzwa. Ile aliinunua kwa pesa yake kabla hajaolewa, kwa mchezo wa wiki wa mafundi wenzetu. Baada ya hapo ikafuata simu. Nikimpigia sasa hivi anaweka spika, anajibu "ndiyo dada, hapana dada" kama mtoto yuko mbele ya mwalimu mkuu. Kisha maneno. Anamwita mbumbumbu mbele ya watoto, na yule wa miaka mitatu ameshaanza kulirudia hilo neno. Akitaka kuondoka kuja kwetu hata kwa siku mbili anaambiwa nenda, ila utatoka na nguo ulizovaa, watoto wanabaki.

Na akimkosea, shemeji hagombi. Ananyamaza. Kuna safari alinyamaza siku tisa. Chakula anakula, watoto anacheza nao, mke anampita kama anavyopita kiti. Siku ya kumi mdogo wangu alipiga magoti akaomba radhi, na mpaka leo hajui aliomba radhi ya kosa gani.

Jumapili ya juzi nilikwenda, shemeji akiwa ametoka. Nikaingia jikoni nimsaidie kuunga mboga, nikashika dumu la alizeti la lita tano. Akanidaka mkono. "Dada, subiri." Nikatazama lile dumu. Lina mistari ya kalamu ya wino, mmoja chini ya mwingine, na pembeni ya kila mstari kuna tarehe. Mwandiko wa shemeji. Kila asubuhi kabla hajatoka anapiga mstari pale mafuta yalipoishia, jioni anakagua. Mdogo wangu hakuniambia kitu, alilichukua akalirudisha chini ya meza taratibu, akaligeuza mistari itazame ukutani. Tukapika mlenda, maana mlenda hauhitaji mafuta.

Tukiwa tunakula pikipiki ikapita nje. Yule wa kiume akainuka, akazima redio, akaokota viatu vyake na vya dada yake akavipanga mlangoni. Haikuwa pikipiki ya baba yake. Akarudi kukaa, akaendelea kula.

Mama yetu yuko Mpwapwa, anasema avumilie, mbona yeye alipigwa na akatulea. Mjomba anasema ana paa, ana chakula, anataka nini. Na mwenyewe nilipomuuliza akaniambia, "Dada, labda kweli mimi sina akili." Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Naomba mnisaidie. Huu ni ukatili au ni mimi? Sheria ina neno lolote kwa mtu ambaye hajapigwa? Na kaka yetu mkubwa anasema Jumamosi tunakwenda wote kumkabili shemeji. Twende?

BabaWatatu:

Pole dada. Nitasema tofauti kidogo, usinielewe vibaya. Ya ndani ya nyumba yana mengi ambayo nyie wa nje hamyaoni. Mafuta yamepanda bei na mshahara ni ule ule, hata mimi naandika matumizi ya nyumbani kwenye daftari. Kuuza cherehani ya mke si sawa, hapo nakubali. Ila msiende kwa jazba mkavunja nyumba ya watu. Wazee wa pande mbili wakae, waongee.

MamaZabibu_Hombolo:

Fundi mwanangu, Jumamosi msiende. Naandika hili kabla ya kingine chochote.

Mimi niliishi hivyo miaka 11. Tulikuwa na shamba la zabibu, ekari mbili, mimi ndiye nilikuwa napogoa, mimi ndiye nilikuwa navuna, na siku ya kuuza nilikuwa sijui hata kilo zimetoka ngapi. Nguo alikuwa ananichagulia yeye. Kuna wakati nilisimama dukani Dodoma mjini, muuzaji akaniuliza napenda kanga ipi, nikashindwa kujibu. Si kwamba niliogopa. Nilitafuta ndani yangu ni ipi ninayoipenda, sikuipata. Kwa hiyo mdogo wako anaposema labda hana akili, mwamini kwamba ndivyo anavyojiona kweli. Ukiambiwa kitu kila siku na mtu mmoja, na wengine wote umeshaondolewa, hakuna wa kukwambia vinginevyo.

Kaka zangu walikuja. Watatu. Waliongea vizuri sana, mume wangu akawasikiliza, akawachinjia kuku, akawasindikiza mpaka barabarani. Waliondoka wanamsifu. Usiku ule sikulala, na miezi miwili iliyofuata sikuruhusiwa hata kwenda kisimani peke yangu. Waliokuja kunisaidia walirudi kwao. Niliyebaki naye ni mimi. Wazee wa pande mbili BabaWatatu anaowasema nao walikuja. Wakati wa kuongea nilikaa mkekani, mume wangu ameketi mbele yangu ananitazama. Ningesema nini pale? Nilisema hakuna tatizo.

Aliyenisaidia ni jirani, wifi yangu wa mbali, ambaye hakuwahi kumsema mume wangu vibaya hata siku moja. Alikuwa anakuja kila Alhamisi kuomba moto au kurudisha ungo. Anaketi dakika kumi. Ananiuliza kitu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui: hivi mtama huu unaulowekaje? Hivi mzabibu ukikauka ncha unakata wapi? Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba alikuwa ananirudishia akili yangu kidogo kidogo. Mwaka mzima. Siku nilipoweza kusema neno, nilimwambia yeye, na jibu lake lilikuwa, "Nakuamini. Unataka nifanye nini?" Hakuniambia ondoka. Angeniambia ondoka ningemtetea mume wangu, nakwambia ukweli.

Yeye ndiye alinitunzia cheti cha ndoa, kadi za kliniki na vyeti vya watoto, nilivipeleka kimoja kimoja chini ya unga wa mtama. Na alinitunzia pesa, shilingi 500, shilingi 1,000.

La mwisho, na hili ndilo linanifanya nikusihi. Mume wangu naye alikuwa hajawahi kunipiga. Miaka 11. Kipigo cha kwanza nilikipata wiki ile alipoliona begi. Mtu anayetawala akiona anapoteza, hapo ndipo anakuwa hatari. Kwa hiyo kama siku moja mdogo wako ataamua kutoka, asitangaze, asiage, asitoke peke yake. Na wewe usimtumie ujumbe wa ushauri kwenye ile simu.

MsaidiziKisheria_Dom:

Shikamoo Mama Zabibu. Dada Fundi, mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, nimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yetu hailipiwi. Nakujibu maswali yako, ila la Jumamosi ameshalijibu mama na sina la kuongeza.

Si wewe. Ni ukatili, na una jina: ukatili wa kisaikolojia na wa kiuchumi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 uliwakuta wanawake wanne kati ya kumi, wenye miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Watu wanaishia kunukuu hapo. Lakini maswali ya utafiti huo hayakuishia kwenye kipigo. Wanawake waliulizwa pia kama mume amewadhalilisha mbele ya watu, amewatukana mpaka wakajiona hawafai, anawazuia kuonana na ndugu zao, anataka kujua walipo kila saa. Soma tena ulichoandika.

Kwenye sheria, nikiri kwanza kwamba hatuna sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa majumbani. Tunaokota vifungu. Watu wengi wanakijua kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila ziseme zinavyosema. Wasichokijua ni kifungu cha 107. Kinapotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, kinataja ukatili, uwe wa mwili au wa akili, aliofanyiwa mwenzi au watoto. Wa akili. Umo kwenye sheria tangu 1971.

Cherehani ilikuwa yake kabla ya ndoa na ikabaki yake ndani ya ndoa, kwa sababu kuolewa hakubadilishi umiliki wa mali ya mtu. Hilo la kutoka na nguo alizovaa si kweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Nyumba ya familia hata kama ina jina la mume tu, hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mke ndoa ikiwa hai. Na la watoto kubaki: kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, simdanganyi, lakini haipingwi na mume sebuleni.

Kama atafika mahali pa kutaka talaka, na hilo ni lake kuamua, shauri kwa kawaida linaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, na ndoa ikiwa imefungwa kanisani baraza la kanisa nalo linaweza kuhusika. Kwa mazingira yako, shemeji akiwa na nafasi pale, ningemshauri aende baraza la kata. Likishindwa kusuluhisha linatoa hati, ndiyo anakwenda nayo mahakamani, hata mahakama ya mwanzo.

Kabla ya kufika huko kuna watu wa kuongea nao bila kufungua kesi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni mmoja. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea hata malalamiko yasiyo na jeraha. Akikutana na anayemwambia "nenda kayamalize nyumbani", aombe kumwona mkuu wa dawati. Ikitokea kipigo, asioge machozi akalala. Aende kituoni apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa amezidiwa hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanapatikana pamoja, asirudie hadithi yake mara nne. Kwa ajili ya yule mtoto anayepanga viatu, namba 116 ni ya watoto, haitozwi.

Na lile dumu. Ukienda tena, lipige picha kwa simu yako wewe, si yake. Andika tarehe mahali. Mahakamani ukatili wa akili ni mgumu kuuonyesha kwa sababu hauna kovu, lakini shemeji amekuwa akiuandika mwenyewe kila asubuhi na tarehe ameweka.

Kijana_Kondoa:

Mimi nimekua kwenye nyumba kama hiyo. Namjibu mama yake Fundi, na wote wanaosema avumilie kwa ajili ya watoto.

Kwetu haikuwa pikipiki, ilikuwa funguo. Baba alikuwa na mkufu wa funguo nyingi, zikilia tu getini, sisi wanne tunajua leo ni usiku gani, kwa jinsi zinavyolia. Hakuwahi kumpiga mama. Nina miaka 29, nimeoa mwaka juzi. Mwezi wa tatu wa ndoa mke wangu alichelewa sokoni, aliporudi nikamnyamazia. Siku mbili. Sikupanga, ilitoka yenyewe, kama mtu anavyotembea kwa mwendo wa baba yake bila kufundishwa. Siku ya pili usiku nikamsikia anatembea kwa vidole sebuleni asiniamshe. Mimi nilikuwa macho. Ule mwendo naujua, ni wa mama.

Niliamka nikamweleza yote, ya funguo na ya baba. Tulikubaliana nikikasirika niseme "nimekasirika, nipe mpaka jioni", na jioni ikifika nirudi niongee hata kama sitaki. Si kila wakati naweza. Mwaka jana nilishindwa mara mbili, mke wangu akanikumbusha, nikakubali. Yule mtoto wa miaka sita anajifunza sasa hivi, wala hajifunzi uvumilivu.

BabaWatatu:

Nimesoma yote. Mama Zabibu, sikujua hilo la wazee, kwamba mke anakaa mbele ya mumewe na kuulizwa kuna tatizo gani. Mimi mwenyewe nimekaa vikao vya namna hiyo viwili, na mara zote mbili mke alisema hakuna tatizo, tukanywa chai tukaondoka.

Naomba niulize kwa nia njema. Daftari langu la matumizi nalo ni ukatili? Maana mke wangu hanilalamikii, lakini naona mdogo wake Fundi naye halalamiki.

MamaZabibu_Hombolo:

Mwanangu, umeuliza vizuri. Daftari liko wapi, kabatini kwako au mezani? Mkeo analiandika naye? Na je, ya kwako yamo, soda yako, vocha yako, mchango wako wa kwa rafiki? Kama anaweza kulifungua akakuuliza "hii elfu kumi ilikwenda wapi" na wewe ukajibu bila nyumba kubadilika hali ya hewa, hiyo ni bajeti ya watu wawili. Usijibu hapa. Kamuulize yeye, siku ambayo hamjakosana, kisha nyamaza umsikilize.

FundiMajengo:

Nimerudi baada ya wiki mbili. Asanteni, nimesoma majibu yenu mpaka nimeyajua kwa moyo.

Jumamosi hatukwenda. Kaka alikasirika, nikamsomea ya Mama Zabibu neno kwa neno, nilipofika kwenye yule kuku aliyechinjwa akanyamaza. Sasa anajua kazi yake: siku nikimpigia, aje na gari, asiulize.

Mimi nilikwenda Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilibeba sare tano za shule zenye kola. Nikamwambia mdogo wangu zimenishinda, kola zinanipindapinda, mteja anazitaka Ijumaa. Si uongo mkubwa, kola zake sijawahi kuziweza. Alizigeuza geuza. Akasema, "Dada, umeanzia kushona upande wa nje, ndiyo maana." Akachukua sindano ya mkono, akatunga uzi mara moja, bila kuulowesha mdomoni. Akafumua moja, akailaza, akaipiga chini kwa kiganja, akaniwekea mapajani. Hatukumtaja mtu. Zilipokwisha tatu akaniambia niache mbili atamalizia, nikaogopa shemeji atauliza. Akafikiri. Akasema, "Hapana, chukua. Uje nazo tena Alhamisi."

Alhamisi ya pili nilikwenda nazo na nyingine tatu. Wakati naondoka alinisindikiza mpaka kwenye mchongoma, akanipa mfuko wa vitambaa, akasema ni mabaki ya kunisaidia kuweka viraka. Nimeufungua nikiwa kibandani kwangu. Chini ya vitambaa kuna cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, vimefungwa kwenye kipande cha kanga. Sikumwomba. Sijui ameanza lini kufikiria hilo. Nimeviweka kwenye sanduku la mitindo ya kukatia, na picha ya dumu ninayo.

Mama nimempigia Mpwapwa. Sikumbishia. Nilimwambia tu habari ya mjukuu wake na vile viatu. Alikaa kimya muda, nikadhani simu imekata, kisha akaniuliza, "Na wewe, wakati ule, ulikuwa unafanyaje?" Nikamwambia nilikuwa najificha chini ya meza na mdogo wangu. Akasema atakuja mwezi ujao baada ya kuvuna karanga, akae kwangu.

MsaidiziKisheria, mdogo wangu hajasema anataka kutoka na mimi sitamsukuma. Ila nataka nielewe mimi kwanza, ili siku akiniuliza nisibabaike. Jumatano mnafungua saa ngapi?

MsaidiziKisheria_Dom:

Saa mbili na nusu. Njoo na vile vyeti tuvitolee nakala, nitakuwa nakusubiri.